Gari la taka limepita, ndoo yako imeachwa: kutafuta chanzo cha tatizo mtaa unapoanza kutenganisha taka

Mtaa unapoacha utaratibu wa zamani, ule wa kusindilia kila kitu kwenye salfeti moja na kusubiri honi, ukaingia kwenye utaratibu wa makundi mawili au matatu yenye siku zake, wiki tatu nne za mwanzo huwa za manung'uniko. Ndoo inanuka. Funza wametoka. Vijana wa guta wamechukua hiki wameacha kile. Mnunuzi wa chupa kaukataa mzigo. Lawama humwangukia mkandarasi, na mara nyingine anastahili, lakini ukifuatilia utakuta sehemu kubwa ya kero hizo ina chanzo kimoja, nacho ni maji. Taka zenye majimaji zimekutana na taka kavu, au zimekaa siku moja zaidi ya ilivyotakiwa.

Mwongozo huu unaanza na dalili halafu unarudi kwenye sababu. Mifano ni ya Dar es Salaam, kwa nyumba za familia na nyumba za vyumba vya kupanga. Kutenganisha si wazo jipya kisheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazitaka mamlaka za serikali za mitaa zisimamie taka ngumu kuanzia pale zinapozalishwa, na Kenya, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inaitaka kila kaya itenge taka zinazooza na zisizooza. Kinachobadilika ni kwamba sasa gari linakuja kweli kuchukua kundi moja siku hii na jingine siku ile, na mtu asiyejiandaa anaumbuka mbele ya majirani.

Kabla ya siku ya kwanza: vyombo vinatosha?

Matatizo mengi ya wiki ya kwanza ni ya chombo kidogo. Mjini, mtu mmoja hutoa taka kati ya nusu kilo na robo tatu ya kilo kwa siku. Kaya ya watu watano, tuseme kilo 3. Zaidi ya nusu ni za jikoni: maganda, mabaki ya ugali na wali, machicha ya nazi, matumbo ya samaki.

Ukiishika ratiba, usipige hesabu kwa wastani, angalia pengo refu kuliko yote. Gari likija Jumanne na Ijumaa, pengo refu ni la Ijumaa hadi Jumanne, siku 4. Kilo 3 mara 4 ni kilo 12. Hapo taka za jikoni ni kilo 7 au 8, na zilizobaki ni kavu. Taka za jikoni ni nzito, lita moja hukaribia nusu kilo, kwa hiyo ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wake inatosha, ila haibakizi nafasi. Taka kavu ni nyepesi lakini zinakula nafasi. Lita moja mara nyingi haifiki gramu 100, ndiyo maana kilo 5 zinajaza salfeti nzima ya mchele ya kilo 50. Chombo cha tatu, ndoo ya lita 10 yenye mfuniko, ni cha mabaki yasiyo na mnunuzi wala hayaozi: pampasi, pedi, pakiti za sabuni ya unga, vikombe vya plastiki vyembamba.

Ndoo ya jikoni ifanyie kazi kabla hujaitumia. Pasha msumari wa inchi tatu, toboa matundu 8 hadi 10 kwenye kitako, kisha iketishe juu ya vipande viwili vya tofali ndani ya besini au ndoo pana zaidi. Chini ndani tandika maranda ya fundi seremala, unene wa vidole viwili, au maboksi yaliyochanwachanwa. Majimaji yatachuruzika kwenye besini. Yamwage chooni kila jioni, usiyamwage kwenye mtaro wa mbele ya nyumba, maana ndiko mbu na harufu vitakakohamia.

Halafu fanya jaribio la wiki nzima kabla gari halijaanza. Siku mbili za jaribio hazitoshi, kwa sababu hazitakuonyesha Jumapili, siku ya kuku na samaki na wageni, ambayo ndiyo huipasua hesabu.

Taka zimeachwa

Kwanza toka nje uangalie za wenzako.

Zikiwa zimeachwa za mtaa mzima, tatizo si lako. Gari limeharibika, barabara ya vumbi imegeuka tope, au foleni imejaa dampo. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, magari huweza kukwama njia ya kuingia dampo la Pugu Kinyamwezi, na gari lililotakiwa kupiga safari mbili kwa siku linapiga moja. Hapo usiburute taka kuzirudisha jikoni na usizipeleke kizimba cha mtaa mwingine. Ndoo ya jikoni iongezee maranda, uifunike, uiweke kivulini. Salfeti ya kavu haidhuriki ikilala siku tatu zaidi mradi isinyeshewe. Faida ya kwanza ya kutenganisha unaiona hapo: siku gari lisipokuja, kinachokusumbua ni ndoo moja tu.

Zikiwa zimeachwa zako peke yako, sababu ziko chache, na hizi ndizo za kukagua kwa mpangilio huu:

Ulichelewa kutoa. Vijana wa guta hawarudi nyuma, wana mitaa mingine. Uliza jirani gari lilipita saa ngapi, utoe nusu saa kabla.

Ulitoa kundi lisilo la siku hiyo. Hili hutokea zaidi wiki ya sikukuu, siku zinaposogezwa na tangazo likabaki kwenye kundi la simu ambalo bibi wa nyumbani hayumo. Andika ratiba kwa peni nene kwenye mfuniko wenyewe.

Mzigo ni mzito kuliko anavyoweza mtu mmoja kuunyanyua hadi juu ya gari. Kilo 25 ndiyo mwisho wa busara. Salfeti ya majani mabichi na mchanga wa kufagia uani inafika kilo 40 bila wewe kujua. Mchanga hauna sababu ya kupanda gari, ubaki uani. Vifusi vya ujenzi navyo havimo kwenye ada ya kila mwezi, vina safari yake na malipo yake. Matawi yakatwe urefu usiozidi mita moja, yafungwe kama kuni.

Hujalipa. Tutalirudia.

Ikiwa kimeachwa chombo kimoja na kingine kikachukuliwa, fungua kilichoachwa uangalie juu. Mkusanyaji hamwagi ndoo kuichunguza, anaangalia sentimita 10 za juu tu. Rambo moja ya wali uliochacha ikiwa juu ya salfeti ya chupa, salfeti yote kwake ni taka mchanganyiko. Na mara nyingi iliyotupa hiyo rambo si familia yako, ni mpita njia aliyeona salfeti iko wazi barabarani. Dawa ni kufunga mdomo wa salfeti kwa kamba na kuitoa asubuhi ileile.

Ndoo ya jikoni inanuka

Harufu zina aina, na kila aina ina chanzo chake. Wengi hukimbilia kumwaga dawa bila kunusa vizuri.

Harufu ya uchachu, kama togwa iliyopita siku, maana yake taka zimelowa na hewa haipiti. Chanzo cha kawaida ni machicha ya nazi, mabaki ya uji na matunda. Machicha hukamatana yakawa tabaka moja linaloziba hewa, na kilicho chini yake huchachuka. Usiyatupe kama tonge, yatawanye juu ya maranda. Kama kuna anayefuga kuku jirani, mpe siku ileile kabla hayajachacha. Tukiwa hapo: maganda na kokwa za parachichi usimpe mfugaji wa kuku, ni sumu kwao, na maganda ya muhogo mbichi yaanikwe juani yakauke kwanza ndipo mifugo wale.

Harufu ya yai bovu ni hatua inayofuata. Chini kuna dimbwi. Ama matundu yameziba kwa mafuta na maganda, ama besini haimwagwi. Zibua kwa msumari uleule, ongeza maranda, na usiikandamize ndoo kwa mkono ili ijae zaidi.

Harufu kali inayochoma pua, kama ya banda la kuku, ni amonia. Hapa mkosaji mara nyingi ni majivu. Watu wamezoea majivu ya mkaa kwa sababu yanakausha, na kweli yanakausha, ila yakichanganyika na matumbo ya samaki, mifupa na mabaki ya maharage, ualikali wake unaifukuza amonia itoke hewani. Majivu yapake kidogo juu tu, kijiko kimoja cha kupakulia kwa siku, au yaache kabisa utumie maranda, majani makavu au udongo mkavu. Halafu kuna kosa la hatari zaidi: majivu yenye kaa ndani. Kaa huishi chini ya majivu usiku kucha. Limeshatoboa ndoo nyingi za plastiki, na ndani ya gari lililojaa maboksi linawasha moto barabarani. Majivu yamwagiwe maji yakiwa jikoni, yalale hadi kesho yake, ndipo yatupwe.

Samaki wana sheria yao. Utumbo na magamba vikikaa kwenye ndoo saa 24 kwa joto la Dar, hakuna maranda yatakayokuokoa. Mwenye friji avifunge kwenye gazeti na mfuko, aweke sehemu ya barafu, avitoe asubuhi ya gari. Asiye na friji apange kununua samaki wabichi jioni ya kuamkia siku ya gari, au avifukie uani kina cha nusu mita. Kina cha kiganja hakitoshi, paka watavifukua kabla hujanawa mikono.

Jambo la mwisho kwenye harufu: usimwage jiki kwenye ndoo yenye taka. Klorini ikikutana na amonia, au na mkojo wa pampasi, hutoa gesi inayoumiza mapafu. Jiki ni ya kuoshea ndoo iliyokwisha kumwagwa na kusuuzwa kwa maji, kifuniko kimoja kwa lita 5, nje penye upepo.

Funza wanatambaa sakafuni

Funza hawatoki kwenye chakula kwa miujiza, nzi alitaga. Kwa joto letu yai huanguliwa ndani ya siku moja, funza hula kwa siku 4 hadi 6, kisha huacha chakula na kutafuta sehemu kavu ya kugeuka pupa, yaani kifuko ambamo funza hugeuka nzi. Ndipo unapowaona wakitambaa ukutani na chini ya besini. Toka yai hadi nzi mzima ni kama siku 8 hadi 10.

Hesabu hiyo inakuambia kosa liko wapi. Ukiwaona funza wadogo weupe ndani ya ndoo siku ya tatu, nzi anaingia, yaani mfuniko haufungi au ndoo huachwa wazi wakati wa kumenya. Ukiwaona wakubwa wakitambaa nje, taka zimepitiliza siku 5: ama ratiba ni ya mara moja kwa wiki na haitoshi kwa nchi ya joto, ama ndoo inamwagwa juu juu na kitako kinabaki na tabaka la zamani ambalo kila wiki linaotesha kizazi kipya. Hili la pili ndilo la kawaida, na ndilo lisilosemwa. Ndoo ikishamwagwa igongwe, isuuzwe, imwagiwe maji yaliyochemka, kisha ianikwe juani imeinamishwa kwa saa mbili kabla ya kutandikwa maranda mapya. Maji ya moto yanaua mayai na funza, jua linakausha kilichobaki.

Kama mtaa wenu umepewa ratiba ya mara moja kwa wiki kwa taka za jikoni, msivumilie kimyakimya. Pelekeni hoja hiyohiyo ya siku 5 kwa afisa afya wa kata. Ni hoja ya kiafya, si ya usumbufu, na mkandarasi hawezi kuijibu kwa maneno.

Mfuko umechanwa, taka zimetapakaa

Angalia muda na namna ulivyochanwa.

Umechanwa alfajiri, matundu madogo mengi, mifupa imeburutwa hadi kwenye bati: ni kunguru weusi. Wanaanza kazi mwanga wa kwanza tu, na mfuko wa plastiki kwao ni karatasi. Ukitoa usiku au alfajiri umewaandalia. Umechanwa usiku, tundu moja kubwa chini: mbwa. Kingo zimetafunwa kwenye ndoo yenyewe: panya, na hapo unahitaji ndoo ngumu zaidi au debe la bati. Umefunguliwa vizuri kwa juu na chupa zimetoweka: huyo ni mwokota chupa, anatafuta riziki. Mwekee chupa kwenye mfuko wake pembeni, atauchukua bila kumwaga vingine.

Taka za jikoni zitoke na ndoo yake yenye mfuniko, si mfuko. Hilo linaondoa pia gharama ya mifuko. Kwa wenye ndugu Kenya, huko mambo yamekwenda mbali zaidi: mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira ya huko, ilitoa agizo kwamba taka zinazooza ziwekwe kwenye mifuko inayooza tu, si ya plastiki ya kawaida. Tanzania, katazo la mifuko ya kubebea bidhaa lililoanza tarehe 1 Juni 2019 liliiacha nje mifuko ya shughuli za usafi na taka, kwa hiyo mfuko mweusi wa taka si kosa. Lakini mfuko mweusi uliojaa maganda hauwezi kugeuzwa mboji, na huko unakopelekwa lazima mtu aupasue kwa mkono.

Mnunuzi amekataa chupa, au amepunja

Kabla hujamwita mwizi, fanya hesabu. Chupa ya maji ya nusu lita ina plastiki ya gramu 10 hadi 15, kwa hiyo kilo moja ni chupa kati ya 70 na 100. Sasa chupa iliyoachwa na robo ya maji ina gramu 125 za maji, mara kumi ya plastiki yenyewe. Chupa kumi za namna hiyo ndani ya salfeti zinaongeza zaidi ya kilo nzima ya maji kwenye mzani, na mnunuzi aliyekwisha kuumwa huko nyuma anakata uzito kwa macho, mzigo wote, pamoja na za jirani zako zilizo kavu.

Kwa hiyo: mwaga, fungua kifuniko, kanyaga chupa ikae bapa, rudisha kifuniko ili isijivute hewa. Salfeti ya chupa zisizokanyagwa ina kilo moja na kidogo tu. Zikikanyagwa inaingia mara tatu, na mnunuzi anaona safari yake ina maana. Muulize mapema kama anataka vifuniko vikiwa juu au pembeni, maana ni plastiki tofauti na wengine huvinunua peke yake. Ukitaka kuhakiki, kata kipande cha chupa na kipande cha kifuniko uvitupe kwenye bakuli la maji: cha chupa kinazama, cha kifuniko kinaelea.

Chupa za mafuta ya kula ndizo zinazoharibu mzigo. Zisuuze kwa maji ya vuguvugu na sabuni, si yaliyochemka, kwani hujikunyata. Kama mafuta ni mengi, tia kiganja cha maranda ndani, tikisa, kung'uta, ndipo sabuni.

Namba iliyo ndani ya pembetatu kwenye kitako ndiyo lugha ya soko. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 na 5 ni plastiki ngumu: madumu, ndoo, viti, makopo ya mafuta ya kujipaka. Hizo zina wanunuzi karibu kila mtaa. Namba 4 laini, namba 6, na vipakiti vya sabuni, juisi na biskuti vyenye kung'aa ndani havina mnunuzi wa mtaani. Vipakiti hivyo ni tabaka la plastiki na la metali yaliyogandishwa pamoja, na kuyaachanisha ni gharama kuliko thamani yake. Kuvitia kwenye salfeti ya chupa kwa matumaini kwamba huko mbele watajua wenyewe ni kushusha bei ya vyote.

Makopo yapime kwa sumaku, hata ya spika mbovu. Ikinata ni chuma, ya nyanya na maziwa ya unga, inakwenda na skrepa. Isiponata ni aluminiamu ya soda na bia, iweke peke yake, bei zake haziko pamoja. Maboksi yafunguliwe yalazwe bapa, yafungwe kwa kamba, yakae ndani. Boksi lililolowa linapoteza thamani, na lililolowa mafuta ya chipsi haliuziki kabisa. Lichane ulitandike kwenye ndoo ya jikoni.

Nyumba ya wapangaji: kila mtu anasema si yeye

Mapipa mawili ya pamoja uani kwa vyumba nane hushindwa. Wapangaji si wabaya, ila pipa la wote halina mwenyewe, na mtoto anayetumwa kutupa anamimina kwenye pipa la karibu.

Kinachofanya kazi ni kugawa. Ndoo ya jikoni iwe ya kila chumba, lita 5 hadi 10, ikae kwa mwenyewe na itoke siku ya gari. Cha pamoja kiwe kikavu tu, na mfuniko wake ufungwe kwa waya ukiwa na tundu la upana wa sentimita 12: chupa na kopo vinapita, rambo ya mabaki haipiti. Maboksi yana kona yake. Mwekee mtoto alama anayoielewa, picha ya chupa na picha ya ganda la ndizi, maandishi pekee hayatoshi. Zamu ya usafi ihusishe kutoa pipa hilo nje na kulirudisha, na fedha za chupa zitumike kununua maranda, fagio na sabuni ya choo. Zikiingia mfukoni kwa mtu mmoja, utaratibu utakufa kwa ugomvi ndani ya mwezi.

Na ada: kubalianeni kama ni kwa nyumba au kwa chumba kabla mkusanyaji hajaja. Mkanganyiko huo ndio unaosababisha nyumba nzima kurukwa.

Umelipa, bado wanasema unadaiwa

Karibu kila mara ni malipo ya mkononi bila risiti, au kumbukumbu namba ya malipo ya mwezi uliopita iliyotumiwa tena. Kila ankara ina namba yake. Tunza ujumbe wa muamala na risiti, angalau za miezi mitatu. Malalamiko yaanzie kwa msimamizi wa kikundi au mkandarasi, yasipojibiwa yaende kwa mtendaji wa mtaa, kisha afisa afya wa kata, ndipo kitengo cha usafi na mazingira cha manispaa. Peleka tarehe, aina ya chombo kilichoachwa na picha. Malalamiko ya "hawaji kabisa" huwa hayafanyiwi kazi, lakini "Ijumaa tatu mfululizo, ndoo za jikoni, kuanzia duka la kona hadi msikitini" yana pa kuanzia.

Ukiudhika usimwite kijana wa toroli wa bei poa anayepita usiku. Taka hizo mara nyingi zinaishia kwenye mtaro au bonde la mto Msimbazi, na mvua kubwa ikija zinakwama kwenye makalvati na maji yanarudi majumbani. Wala usichome. Plastiki inayochomwa uani ni moshi wa sumu kwa watoto wako mwenyewe, na jivu lake halifai bustanini.

Vitu visivyo na ndoo

Pampasi: kinyesi kimwagwe chooni, pampasi ikunjwe na kufungwa kwa gundi yake, iende kwenye ndoo ya tatu, ile ya mabaki. Mtoto mchanga anaweza kutoa karibu kilo moja kwa siku, hivyo kaya yenye mtoto izidishe ukubwa wa ndoo ya mabaki mara mbili. Isitupwe kwenye choo cha shimo: inakijaza na inaziba bomba la gari la kunyonya, na mafundi watatoza zaidi kuitoa.

Sindano za wagonjwa wa kisukari ziwekwe kwenye chupa ngumu ya plastiki, kama ya jiki, bila kurudishia kifuniko cha sindano. Ikifika robo tatu ifungwe kwa gundi na kupelekwa kituo cha afya. Vioo vilivyovunjika vifungwe ndani ya boksi nene au kopo. Mkusanyaji anabeba salfeti begani, mara nyingi bila glavu, na wembe mmoja ulioachwa huru unamlaza wiki nzima.

Betri za simu zilizovimba zisitobolewe wala zisikandamizwe. Ziweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, mbali na jiko, hadi upate anayepokea vifaa vya umeme vilivyokufa. Taa za mrija zina zebaki ndani, zihifadhiwe nzima.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi

Siku ya usafi huvuruga ratiba nzuri kuliko zote. Mtaa mzima unafagia, unafyeka, unazibua mitaro, kisha tope linapangwa kandokando ya barabara likisubiri gari ambalo halikuandaliwa kubeba tope. Mvua ya Jumatatu inalirudisha mtaroni lilikotoka. Mwenyekiti wa mtaa aulizwe mapema wiki hiyo: gari la tope litakuja saa ngapi, na kama haliji, mitaro izibuliwe vipande vifupi ambavyo watu wenye toroli wanaweza kuviondoa siku hiyohiyo. Tope lililowekwa mbali na ukingo, hatua tatu au zaidi, linakauka kwa siku mbili za jua na linapungua uzito kiasi cha kubebeka. Chupa zilizomo zitolewe likiwa bado laini, zioshwe kwa maji ya mtaro wenyewe, ziingie kwenye salfeti ya kavu baada ya kuanikwa, si kabla.